Kabla ya kufunga hospitali, tuulize zilifunguliwaje

MWEZI wa Julai mwaka 2025, Waziri wa Afya, Bw Aden Duale, alitangaza kwamba vituo 728 vya afya vilikuwa vimefungwa, na vingine 301 kushushwa daraja, kwa kutotimiza masharti ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Wananchi wengi walifurahi, na haki yao. Nani atamlilia tapeli aliyekuwa akidunga watu sindano katika chumba cha duka?

Hata hivyo, kuna swali ambalo sikulisikia likiulizwa siku hiyo. Hospitali si pombe haramu ya kufichwa chini ya kitanda. Ina kibao cha rangi barabarani, ina mlango, ina vitanda, ina wauguzi waliovaa sare, na mbele yake kuna foleni ya akina mama na watoto. Maafisa wa kaunti huja kudai ada ya biashara. Je, vituo hivyo 728 vilifunguliwaje? Na wagonjwa wangapi walipita humo kabla ya kufuli kutiwa mlangoni?

Sheria tunayo, tena si changa. Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 253, ilianza kutumika mwaka 1978. Kwa muda mrefu usajili na leseni vilikuwa kazi ya Bodi, hadi mwaka 2019 Bunge lilipoifanyia sheria hiyo marekebisho na Bodi ikawa Baraza. Leseni ya kituo ni ya mwaka mmoja. Ifikapo Desemba 31 huwa imekwisha. Pamoja na leseni, kituo hupewa daraja, zile ambazo wengi wetu huziita leveli. Zahanati na kliniki ziko katika daraja la 2, vituo vya afya la 3, hospitali za kawaida la 4, hospitali kubwa za rufaa la 5, na zile za kitaifa kama Kenyatta ya Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret ziko daraja la 6.

Daraja hilo ndilo linaloamua kama nyumba fulani inaruhusiwa kumpasua mgonjwa au kumpa panadol na kumwambia aende mbele. Mwananchi wa kawaida halijui. Yeye huona neno 'Hospitali' limeandikwa kwa herufi kubwa, pamoja na msalaba mwekundu usiopaswa kuwa pale, kwa maana alama hiyo inalindwa na sheria.

Sasa hebu tumfuate mtu mwaminifu anayetaka kufungua hospitali mpya ya daraja la 4, tuseme ya vitanda 30, katika mtaa wa mashariki mwa Nairobi. Kwanza atasajili jina au kampuni. Kisha atakwenda kaunti kuomba ploti ibadilishwe matumizi, kwa sababu pengine ilikuwa ya nyumba za kukodisha, na michoro ya jengo ipitishwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi itataka mradi usajiliwe. Halmashauri ya mazingira, NEMA, itataka ripoti ya jinsi jengo hilo litakavyoathiri majirani, na hasa mahali ambapo sindano zilizotumika, bandeji zenye damu na kondo za nyuma zitapelekwa. Atahitaji cheti cha zimamoto na cha afisa wa afya ya umma. Chumba cha dawa kina bodi yake, ile ya Madawa na Sumu. Maabara ina bodi yake. Akitaka mashine ya eksirei atakwenda kwa mamlaka inayosimamia mambo ya mnururisho. Kila muuguzi, kila tabibu na kila daktari atakayemwajiri lazima awe na leseni yake ya mwaka kutoka kwa baraza lake. Baada ya hayo yote ndipo Baraza la Madaktari litatuma wakaguzi kuhesabu vitanda, kupima upana wa milango ya chumba cha upasuaji na kutazama kama maji yanatoka mferejini.

Wala hajamaliza. Bila kandarasi na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ambayo tangu Oktoba 1, 2024 imechukua nafasi ya NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966, hospitali yake itakuwa na vitanda vitupu. Na SHA haitamtazama bila leseni ya Baraza.

Hakuna hata ofisi moja kati ya hizo ambayo ningependa ifutwe. Anayesema mashine ya eksirei haihitaji kukaguliwa hajui mnururisho hufanya nini kwa mimba changa. Tatizo ni kwamba kila mlango una fomu yake, ada yake, kalenda yake na mkaguzi wake, na hakuna anayesoma alichoandika mwenzake. Mmoja akisema sinki iwe upande huu, wa pili atakuja mwezi ujao aseme ihamishwe.

Rafiki yangu mmoja, daktari wa akina mama, alipitia njia hiyo yote miaka michache iliyopita. Jambo lililomuumiza zaidi si ada. Ni kodi ya nyumba. Wakaguzi hawaji kukagua ahadi. Huja kukagua hospitali iliyo tayari, yenye vifaa na wafanyakazi. Kwa hivyo alilazimika kukodisha jengo, kununua vitanda kwa mkopo wa benki na kuandika wauguzi mapema, kisha akakaa akingoja. Miezi tisa alilipa kodi, mshahara na riba bila kumhudumia hata mgonjwa mmoja. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilimpotezea faili mara mbili, na mara ya tatu karani akamweleza kwa upole kwamba faili hupatikana haraka zaidi zikitafutwa na mtu aliyekunywa chai.

Wakati huo huo, umbali wa nyumba kama kumi kutoka kwake, jirani alifungua 'medical centre' kwa siku tatu. Alikuwa na kibali cha biashara cha kaunti, basi. Wagonjwa ambao rafiki yangu aliwapangia walikwenda huko.

Hapo ndipo jibu la swali langu la kwanza lilipo, au sehemu yake. Njia halali ikiwa ndefu na ya gharama kiasi hicho, humwadhibu anayeifuata na kumlipa anayeikwepa. Mtaji wa mwaminifu huisha kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Akifungua hatimaye, huwa na deni ambalo lazima lilipwe na mtu, na mtu huyo ni mgonjwa. Ukiona hospitali mpya inamwandikia kila mwenye mafua vipimo vitano vya damu, kumbuka riba ya benki.

Kuna pia wanaopita njia halali kwa ujanja. Madaktari wenzangu hawatanipenda kwa haya, lakini kila mmoja wetu anayajua. Kituo hakiwezi kupata leseni bila kumtaja daktari msimamizi. Basi mwenye pesa, ambaye pengine ni mfanyabiashara wa mbao, humtafuta daktari na kumwomba jina. Cheti hupigwa kopi, hutiwa katika fremu na kutundikwa juu ya meza ya mapokezi. Daktari hupokea kitu kila mwisho wa mwezi na huenda asikanyage pale hadi ukaguzi mwingine. Sijui biashara nyingine ambamo mtu hukodisha jina lake kwa bei rahisi namna hiyo, ilhali mgonjwa akifa ni jina hilo litakalosomwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Kama cheti hukodishwa, mashine nazo hukodishwa. Fundi mmoja wa vifaa vya hospitali aliniambia, akicheka, kuhusu mashine ya nusukaputi aliyoisafirisha kwa pikapu hadi hospitali tatu tofauti katika juma moja. Kila ilipofika, wakaguzi waliikuta iking'aa. Ilipoondoka, chumba cha upasuaji kilibaki na leseni na taa.

Haya yanawezekana kwa sababu ukaguzi wetu hutazama vitu, na hutazama mchana. Hospitali iliyofungwa vizuri saa nne asubuhi, sakafu ikinukia dawa, haikwambii lolote juu ya saa nane usiku. Nizungumzie jambo moja tu ninalolijua vyema. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, anaweza kufa kwa muda wa saa mbili, wakati mwingine chini ya hapo. Ili aokolewe, panahitajika mkunga atakayeitambua hatari mapema, dawa ya kukaza mji wa mimba iliyohifadhiwa kwenye baridi, damu ya kundi lake, mtu wa kumpa nusukaputi na daktari wa kumpasua. Mmoja akikosekana, hao wengine hawana faida kubwa. Damu ikiwa mjini na mtaalamu wa nusukaputi akiwa Kitengela, chumba cha upasuaji chenye vigae vyeupe ni chumba tu. Lakini katika daftari la serikali, hospitali hiyo imeandikwa kwamba inaweza kupasua, na ambulensi hupelekwa huko.

Wasomaji wanakumbuka kisa cha Oktoba 2015, cha mtu aliyegongwa na gari akawekwa katika ambulensi, akazungushwa Nairobi kwa muda wa saa 18 kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba ni hatia kwa hospitali kumnyima mtu matibabu hayo ilhali ina uwezo wa kuyatoa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Uwezo wa hospitali hujulikana wapi, ikiwa leseni yenyewe hupewa mashine ya kukodi? Kila mmoja atasema hakuwa na uwezo, na hakuna daftari litakalomsuta.

Mwaka huo huo wa 2015 ndipo umma ulipooneshwa kwenye televisheni mtu wa Githurai aliyekuwa akiendesha kliniki na kuwalaza wanawake kwa dawa ya usingizi, kumbe hakuwa daktari kamwe. Kelele zikawa nyingi. Kliniki ikafungwa. Mwaka 2018 alikamatwa tena, akiwa na kliniki nyingine.

Ndiyo sababu sipigii makofi sana idadi ya kufuli. Kufunga ni rahisi. Kunahitaji lori, polisi na kamera. Na kuna jambo ambalo wanaofunga hawalisemi. Katika mitaa kama Mukuru, Mathare na Kayole, kliniki ndogo ya kibinafsi ndiyo iliyo wazi saa tatu za usiku mtoto anapopata degedege. Ikifungwa leo bila mpango, yule mama hataamka kesho akiwa karibu na hospitali ya daraja la 5. Ataenda kwa muuza dawa, au atangoje asubuhi. Kwa hivyo ni lazima tutenganishe aina mbili za makosa. Yule asiye na daktari wala muuguzi mwenye leseni afungwe siku hiyo hiyo, na ashtakiwe. Yule ambaye ana watu halali lakini hana tangi la maji au pipa la sindano apewe orodha ya makosa, apewe siku, kisha arudiwe.

Hili si wazo la kutunga mezani. Lilikwisha kujaribiwa hapa kwetu, katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru, na serikali ikisaidiana na Benki ya Dunia, katika vituo zaidi ya 1,000, vya umma na vya kibinafsi. Wakaguzi waliajiriwa kwa kazi hiyo tu, wakatumia orodha moja ya maswali iliyounganisha matakwa ya mabaraza na bodi mbalimbali, na kila kituo kikapewa alama. Kilichopata alama za chini kilipewa muda mfupi kabla ya kukaguliwa tena, na kile kisichokuwa na leseni kikafungwa. Baadhi ya vituo vilibandikwa matokeo yao mlangoni wagonjwa wayaone. Usalama wa wagonjwa uliimarika, vya umma na vya kibinafsi, wala gharama kwa mgonjwa haikupanda. Waliotoka katika vituo vya kibinafsi vilivyofungwa walikwenda vya umma. Ukiniuliza kwa nini utaratibu huo haufanyi kazi leo katika kaunti zote 47, nitakujibu kwamba mkaguzi hulipwa mshahara kila mwezi, na kufuli hununuliwa mara moja.

Nimetaja vituo vya umma, na hapo pana jipu jingine. Kwa miaka mingi kanuni za leseni zilielekezwa kwa hospitali za kibinafsi, kana kwamba kibao cha serikali kilitosha kuua viini. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti. Gavana hujenga jengo jipya, hualika ngoma, hukata utepe na kulitangaza kuwa hospitali ya daraja la 4. Ukirudi baada ya mwezi, unakuta muuguzi mmoja kwa wodi nzima na jenereta isiyo na mafuta. Kama angekuwa mtu binafsi, angefungiwa. Sioni ni vipi mkaguzi wa kaunti atamwandikia gavana anayemlipa mshahara kwamba wodi yake ya akina mama haifai. Leseni iwe moja kwa wote, na itolewe na mtu asiyemwogopa mwenye jengo. Kifo cha mama hakina cha umma wala cha kibinafsi.

Wamiliki wa hospitali watasema ninaongeza mzigo juu ya mzigo. Hapana. Ningependa mzigo wa mbele upunguzwe ili ule wa nyuma uongezwe. Mtu apeleke michoro na orodha ya huduma anazotaka kutoa kabla hajakodisha jengo, na Baraza limjibu kwa maandishi: ukijenga hivi na kuajiri hawa, utapata daraja hili. Benki ingemkopesha kwa barua hiyo. Ofisi zote zenye kazi ya kukagua zije siku moja, kwa orodha moja, na ada ilipwe mahali pamoja, kwa simu, isipite mkononi mwa karani. Akishafungua, hapo ndipo wakaguzi waje bila hodi, mwezi wa pili, mwezi wa saba, usiku wa Jumapili, siku ya sikukuu. Daktari msimamizi atakayekosekana mara mbili, leseni yake mwenyewe iguswe. Jina hukodishwa kwa sababu kulikodisha hakuna hasara.

Nawe msomaji usingoje serikali. Baraza huweka orodha ya vituo vyenye leseni ya mwaka katika mtandao wake, na yeyote mwenye simu anaweza kuitazama. Leseni halali inapaswa kuwa imetundikwa mahali pa kuonekana. Soma mwaka ulioandikwa, maana nimeziona za miaka mitatu nyuma zikiwa katika fremu za kupendeza. Soma daraja. Ikiwa ndugu yako anataka kujifungulia mahali fulani, waulize mapema, akiwa bado ana nguvu za kutembea: usiku nani hutoa nusukaputi, na akiitwa huja baada ya dakika ngapi? Damu hutoka wapi? Mkishindwa hapa, mgonjwa hupelekwa wapi, na kwa gari la nani? Muuguzi mwema hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu bila kulipa ada ya kumwona daktari.

Leseni zilizopo zitakwisha Desemba 31, na maelfu ya vituo vitaomba upya. Katika fomu hiyo kuna nafasi ya jina la daktari msimamizi. Baraza linaweza, bila kungoja Bunge, kutaka pia jina na nambari ya leseni ya kila anayelala zamu, kisha kuyapanga majina hayo yote katika kompyuta moja na kutazama ni daktari gani anayelala katika hospitali nne usiku mmoja.